Theluji ya Kibo na Maji ya Lumemo

Mkazi mmoja wa Lumemo ameniletea swali ambalo nimeona haifai kulijibu kwa sentensi mbili mwishoni mwa kipindi. Anauliza hivi: kila siku tunaambiwa theluji ya Kilimanjaro inayeyuka, na huku kwetu mto Lumemo unafurika hadi kuingia majumbani, je, maji hayo si ndiyo theluji hiyo iliyoyeyuka?

Wako watakaocheka. Swali lenyewe si la kuchekwa, maana ndani yake mna mambo mawili makubwa, nayo yana historia ndefu.

Kwanza nitoe jibu fupi: hapana. Maji ya Kilimanjaro huteremkia upande wa mto Pangani, na mengine upande wa Kenya. Lumemo hutoka katika milima yetu ya Udzungwa, ukapita Ifakara, ukaingia Kilombero. Kilombero ukakutana na Luwegu, ndipo Rufiji unapoanza safari ya kwenda baharini. Hakuna tone moja la theluji ya Kibo linaloweza kufika hapa kwa kufuata mto. Isitoshe, barafu yote iliyobaki kule juu ni ndogo kiasi kwamba hata ingeyeyuka yote kwa juma moja, wakulima wa mpunga wa bonde hili wasingejua kama kuna jambo limetokea.

Hata hivyo muulizaji amegusa kitu cha kweli. Theluji ya Kibo na mafuriko ya Lumemo vina mzazi mmoja. Mzazi huyo ni Bahari ya Hindi. Ili tuelewane vizuri, inabidi turudi nyuma miaka zaidi ya 170.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi na Kanisa la Uingereza huko Rabai karibu na Mombasa, alikuwa njiani kwenda Uchagga. Aliona kitu cheupe juu ya mlima mmoja mrefu. Akamwuliza kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, kile ni nini. Jibu alilopewa ni moja tu: baridi. Mtu wa pwani yetu hakuwa na sababu ya kuwa na jina jingine la kitu kile. Maneno tunayoyatumia leo yote mawili yametoka ng'ambo: theluji ni ya Kiarabu, na barafu ni ya Kiajemi, ambako maana yake hasa ni theluji. Yote yalikuja kwa majahazi, yakisukumwa na pepo za bahari hiyo hiyo ninayoizungumzia.

Wachagga wao walikuwa wanajua. Rebmann aliandika yale aliyosimuliwa: kwamba watu walipanda kuchota kile kilichong'aa kama fedha, wakakishusha, na walipofika chini wakakuta ni maji matupu. Alisimuliwa pia habari za watu waliotumwa juu na mtawala wao, wengi wakafa, na aliyerudi akarudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Basi mambo haya yalikwisha kuchunguzwa na wenyeji kabla Mzungu yeyote hajafika. Walikwisha pata jibu: ni maji yaliyoganda.

Lakini habari hiyo ilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, ilipokelewa kwa dharau. Bwana mmoja mtaalamu wa jiografia, Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika, alisema haiwezekani. Theluji karibu na mstari wa Ikweta? Mmisionari huyo ameona mawe meupe, au macho yake yamemdanganya. Mwaka 1852 akatoa kitabu akishikilia maoni hayo hayo. Desemba 1849 Krapf, mwenzake Rebmann, naye aliiona theluji ya Mlima Kenya. Hilo nalo halikusaidia. Ikabidi ungoje mwaka 1861, Baron von der Decken alipokwenda Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, mtaalamu wa miamba, kisha 1862 akarudi na Otto Kersten, wakapanda hadi mahali ambapo theluji iliwaangukia vichwani. Hata hapo, yasemekana, Cooley hakukubali.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa makusudi. Theluji yetu ilianza kubishaniwa siku ilipoandikwa mara ya kwanza, na haijaacha kubishaniwa hadi leo. Karne ya kumi na tisa ubishi ulikuwa kama ipo. Siku hizi ubishi ni kwa nini inaondoka.

Kwamba inaondoka, hilo halina mjadala tena. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, iliwabidi wachonge ngazi kwa shoka katika barafu ili wapite. Meyer alirudi mwaka 1898, miaka tisa tu baadaye, akaona kwa macho yake kwamba barafu imerudi nyuma. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Klute na Oehler, walipiga picha za mlima na kutokana nazo ikachorwa ramani nzuri. Kutokana na ramani hiyo tunajua kwamba barafu ya Kilimanjaro wakati huo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba kama 12. Mwaka 1953 zilikuwa 6.7. Mwaka 1976 zilikuwa 4.2. Mwaka 1989, karne moja baada ya Meyer, zilikuwa 3.3. Mwaka 2011 ilibaki 1.76. Vipimo vya karibuni vya setilaiti, vya mwaka 2021 na 2022, vinaonyesha kwamba imeshuka chini kidogo ya kilomita moja ya mraba. Kilomita moja ya mraba ni hekta 100. Hapa bondeni kuna mashamba ya mpunga yanayoizidi mbali.

Mlima Kenya umebakiwa na vipande visivyofika hata hekta 10 kwa jumla, na milima ya Rwenzori, kule Uganda na Kongo, hali ni hiyo hiyo.

Sasa, kwa nini? Wengi wetu jibu tunalo tayari: dunia imepata joto, barafu imeyeyuka. Sipingi kwamba dunia imepata joto. Lakini tukiishia hapo tutamkuta mtu mjanja atakayetuuliza maswali mawili, na hatutakuwa na la kumjibu.

Swali la kwanza: juu ya Kibo joto la wastani la mwaka ni kama nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri. Tangu Februari 2000 chombo cha kupimia hali ya hewa kiliwekwa juu ya barafu yenyewe, karibu mita 5,800 kutoka usawa wa bahari, na kimethibitisha ubaridi huo. Barafu itayeyukaje mahali ambapo hewa ni baridi kiasi hicho? Swali la pili: barafu ilianza kurudi nyuma kabla ya mwaka 1900. Inakadiriwa kwamba mnamo 1880 ilikuwa na eneo la kilomita za mraba kama 20. Kufika 1912 karibu nusu ilikuwa imekwisha kwenda. Wakati huo viwanda na magari ya dunia vilikuwa havijafanya makubwa. Nani basi aliyeyusha?

Jibu la maswali hayo limefanyiwa kazi na wataalamu kama Georg Kaser na Thomas Mölg kutoka Austria, Nicolas Cullen na Douglas Hardy. Wanasema hivi: barafu ya Kibo huishi kwa theluji mpya. Theluji mpya ni nyeupe, nayo hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, kama bati jipya linavyoumiza macho mchana. Ikikosa kunyesha, barafu ya zamani iliyopakwa vumbi huachwa wazi, na barafu chafu hunywa jua. Hapo, hata hewa iwe baridi namna gani, jua la Ikweta huila. Tena sehemu kubwa haiwi maji. Hugeuka mvuke moja kwa moja na kupotea hewani, kama nguo iliyoganda kwa baridi inavyokauka bila kudondosha tone. Ndiyo maana ukingo wa barafu kule juu si mteremko laini bali ni kuta zilizosimama wima, ndefu kama nyumba ya ghorofa nyingi, na kuta hizo huliwa na jua mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo swali la kwa nini barafu inapungua hugeuka kuwa swali la kwa nini theluji haikunyesha. Hapa ndipo historia ya Afrika Mashariki inapotoa ushahidi. Katika miaka ya 1870 Ziwa Victoria lilijaa sana, na kilele chake kilikuwa karibu mwaka 1878. Baada ya 1880 maziwa yakashuka; Victoria peke yake lilipungua kwa kiasi cha mita 2 na zaidi katika miaka michache. Hewa ya Afrika Mashariki ilikuwa imegeuka kavu, na haikurudia unyevu ule wa zamani. Barafu ya Kibo iliyokuwa imenenepa kwa theluji ya miaka ya neema ikaanza kukonda katika miaka ya ukame. Meyer alipochonga ngazi zake mwaka 1889, alikuwa anapanda juu ya mgonjwa ambaye alikwisha anza kudhoofu.

Mjanja wetu atashangilia hapo: kumbe si joto! Asiharakishe. Lonnie Thompson wa Marekani, ambaye mwaka 2000 alichimba barafu hiyo kwa mitambo, aliona katika tabaka za juu za barafu inayoitwa Furtwängler vipovu virefu, ambavyo ni alama ya barafu iliyoyeyuka na kuganda tena. Katika tabaka za chini, za kale, alama hiyo haikuonekana. Kati ya 2000 na 2009 barafu hiyo ilipungua unene kwa karibu nusu. Ukavu ulianzisha kazi. Joto limekuja kushika mpini mwingine.

Nitawapeleka mbali kidogo, wasikilizaji, hadi kwenye ncha mbili za dunia, maana kule kuna barafu ya aina nyingine: barafu ya bahari, yaani maji ya bahari yenyewe yaliyoganda juu kama utando juu ya uji uliopoa. Setilaiti zimekuwa zikiipima tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kaskazini, katika Bahari ya Aktiki, barafu hiyo hupungua kila mwaka hadi Septemba, kisha hurudi. Kwa wastani wa miaka ya 1981 hadi 2010, Septemba zilibaki kilomita za mraba zaidi ya milioni 6. Septemba 2012 zilibaki milioni 3.4. Na kule nako kanuni ya weupe inafanya kazi: utando mweupe ukiondoka, maji meusi hunywa jua, bahari hupata joto, na barafu ya mwaka unaofuata huwa nyembamba zaidi.

Kusini, kuzunguka Antaktika, mambo yalikwenda kinyume. Barafu ya bahari iliongezeka kidogo kidogo hadi Septemba 2014, ilipovuka kilomita za mraba milioni 20. Wasiotaka kusikia habari za joto la dunia walifurahi mno. Kuanzia 2016 ikaporomoka, na Februari 2023 zilibaki chini ya milioni 1.8, kiasi kidogo kuliko chochote kilichokwisha pimwa na setilaiti hadi wakati huo. Tofauti hiyo ya kaskazini na kusini haishangazi ukitazama ramani. Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu. Antaktika ni nchi kavu iliyozungukwa na bahari. Kusini pepo husukuma barafu huku na huko na kuchanganya maji ya juu na ya chini, kwa hiyo joto linaweza kufichwa vilindini kwa miaka, kisha likaibuka. Barafu haijibu hewa peke yake. Inajibu upepo, theluji, na zaidi ya yote inajibu bahari.

Kabla sijarudi nyumbani, niondoe dhana moja. Barafu ya bahari ikiyeyuka haipandishi kina cha bahari, kwa sababu inaelea. Chukua bilauri, weka kipande cha barafu, jaza maji hadi pomoni, subiri. Haitamwagika. Kinachopandisha bahari ni barafu ya nchi kavu, kama ya Greenland na bara la Antaktika, pamoja na maji yenyewe kutanuka kwa joto.

Sasa Lumemo. Zaidi ya sehemu 90 katika 100 za joto la ziada ambalo dunia imelipata kutokana na moshi wa viwanda, magari na uchomaji wa misitu limeingia baharini. Bahari ya Hindi upande wa magharibi, yaani upande wetu, uso wake umepata joto la zaidi ya nyuzi 1 tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Na mvua zetu za vuli hutegemea sana jinsi joto lilivyogawanyika kati ya upande wetu na upande wa Indonesia. Upande wetu ukiwa na joto kuliko kawaida na ule wa Indonesia ukapoa, mawingu hujaa huku na mvua hunyesha kupita kiasi. Wataalamu waliieleza hali hiyo mwaka 1999, nayo ikapewa jina la dipoli ya Bahari ya Hindi. Lakini kazi yake wazee wetu wanaikumbuka. Mwishoni mwa mwaka 1961, Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge juu ya Kibo, Afrika Mashariki ilikuwa katika mvua kubwa ambazo zilipandisha Ziwa Victoria zaidi ya mita 2 katika miaka iliyofuata. Mwaka 1997 ikaja tena pamoja na El Niño. Mwaka 2019 ikaja kwa nguvu.

Katika miaka kama hiyo Kibo hupata theluji, na Udzungwa hupata mvua, na Lumemo huacha njia yake. Katika miaka ya bahari kugeuka upande wa pili, Kibo hubaki uchi, na huku mpunga hukauka kabla ya kutoa mashuke. Ndiyo sababu nikasema mzazi ni mmoja. Muulizaji wetu alitafuta uhusiano huo kwenye mto, kumbe uko angani.

Kuna jambo la misitu pia. Utasikia watu wakisema theluji imeondoka kwa sababu ya kukata miti Kilimanjaro. Kwa barafu yenyewe sababu hiyo ni ndogo. Kwa maji ya wananchi ndiyo kubwa. Andreas Hemp, Mjerumani aliyechunguza mimea ya mlima ule kwa miaka mingi, alionyesha kwamba moto uliochoma misitu ya juu umepoteza maji mengi kuliko kupungua kwa barafu, kwa sababu miti ile hukamata ukungu na kuugeuza kuwa matone. Sisi tulio chini ya Udzungwa tunaweza kusahau Kibo tukipenda. Msitu ule tunauona kila asubuhi.

Sasa niseme jambo linalonikera. Mwaka 2002 Thompson na wenzake waliandika kwamba, kama hali itaendelea vile vile, barafu ya Kilimanjaro inaweza kutoweka kati ya 2015 na 2020. Vyombo vya habari vya dunia vikalibeba lile la 2020, neno "kama" wakaliacha njiani. Mwaka 2020 ukafika, ukapita, barafu ipo. Mwaka 2022 UNESCO ikataja 2050. Nimesikia kwa masikio yangu watu kijiweni wakisema wataalamu ni waongo, kwanza walisema theluji itakwisha, haikwisha. Basi na hawa wa mafuriko wasisikilizwe. Maneno hayo yana gharama. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza El Niño mwaka 2023, na mafuriko ya Aprili 2024 yakaja Rufiji na Kilombero, yakachukua mashamba na nyumba. Mkulima anayeamua kupanda mpunga mbugani au kwenye mwinuko, mama anayeamua kuhamisha magunia yake juu ya dari au kuyaacha, anahitaji kuamini utabiri. Hataamini kama amezoeshwa kuletewa tarehe badala ya maelezo. Mimi sitataja mwaka ambao barafu ya Kibo itakwisha. Vipimo nimekwisha vitaja. Kila mtu aweza kuona vinakoelekea.

Ikiisha, watalii watapiga picha ya mlima mweusi, na mito ya Uchagga itaendelea kutiririka, kwa sababu inalishwa na mvua na msitu. Kitakachopotea ni kitabu. Barafu hujengwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka limeshika vumbi na hewa ya miaka yake. Timu ya Thompson ilitoa nguzo sita za barafu mwaka 2000, na walihesabu kwamba chini kabisa zina umri wa miaka kama 11,700, ingawa wako wataalamu wanaoubishia umri huo. Ndani yake walikuta mstari wa vumbi zito, ushahidi wa ukame mkali wa miaka kama 4,000 iliyopita, ambao wanaufananisha na ule uliotikisa Misri ya kale. Tabaka za juu, zilizokuwa na habari za miaka ya karibuni, jua lilikuwa limekwisha zila.

Nguzo hizo hazipo Moshi wala Dodoma. Zilipelekwa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, zikatunzwa katika chumba cha baridi kali cha chuo kikuu, mji ambao kila Januari una theluji yake wenyewe nje ya mlango.